Simba wa Ukumbini na Nyuki wa Mang'ula

Katika zama zetu hizi, ambapo kila mji mkubwa una kumbi za kukodi na kila ukumbi una mwalimu wa biashara ahubiriye humo mwisho wa juma, ni nadra mwezi kupita pasi na mtu kuambiwa kwamba soko ni mwitu, kwamba tajiri ni simba, na kwamba asiyekula ataliwa. Nimepata kuketi katika majlisi za namna hiyo zaidi ya mara moja, nikapewa chai na andazi na kijitabu chenye picha ya simba jaladani, nikarudi nyumbani nikijiuliza kama aliyeichagua ile picha amewahi kulala hata usiku mmoja kando ya msitu. Mwenye kulala Mang'ula, chini ya ubavu wa milima ya Udzungwa, huamshwa na makelele ya mbega na hondohondo na mvumo wa maji yashukayo majabalini, na alfajiri akitoka nje huona uchafu wa ndovu karibu na migomba. Lakini huyo mfalme wa ukumbini aghalabu hamsikii wala hamwoni, na msitu unaendelea na shughuli zake kana kwamba hakumhitaji.

Mang'ula ni mji mdogo uliokaa mpakani mwa mambo mengi. Nyuma yake milima imesimama kama ukuta, nayo tangu 1992 ni Hifadhi ya Taifa yenye kilomita za mraba 1,990, ambayo makao yake yapo papo hapo mjini. Mbele yake hupita barabara itokayo Kidatu kwenda Ifakara, na reli ya TAZARA, na baada ya hapo miwa, mpunga, na mbuga pana ya mto Kilombero. Pale Sanje, si mbali, maji hudondoka kiasi cha mita 170. Na katika misitu hiyo, mwaka 1979, wataalamu wa wanyama walisikia mlio wasioutambua, wakauliza, wakaambiwa na mwenyeji wao kuwa huyo ni ngolaga, jamii ya tumbili ambaye watu wa hapo walimjua tangu jadi, ilhali elimu ya vitabu ilikuwa bado haijamwandika. Kisa hicho hunijia kila nimwonapo mtaalamu wa mipango akishuka garini na makabrasha yake kuwafundisha wenyeji wa bonde hili namna ya kuendesha mambo yao. Simdharau, maana ana mengi ya kufundisha. Ila natamani kwanza aulize ule mlio ni wa nani.

Fikra ya kuazima maarifa ya maumbile kwa ajili ya biashara si ngeni duniani. Mwaka 1993 Mmarekani James Moore aliandika katika jarida la chuo cha Harvard kwamba kampuni isitazamwe kama kisiwa bali kama kiumbe kimoja katika jumuiya ya viumbe, ambamo mwenye kuuza na mwenye kununua, mshindani na mshirika, hukua na kufa pamoja. Na tangu hapo maneno hayo yamezagaa hata katika mipango ya mashirika yetu ya umma. Walakini wengi walioyachukua walichukua sifa za maumbile wakaacha hesabu zake. Maumbile yana daftari lenye kurasa mbili, ya pato na ya gharama, na katika bonde la Kilombero kurasa zote mbili husomeka waziwazi kwa mwenye subira.

Tuanze na maji. Bonde hili hupokea mito ya Udzungwa upande mmoja na ya nyanda za Mahenge upande wa pili. Mnyera, Ruhuji, Mpanga na Kihansi ni miongoni mwa mito iulishayo mto mkuu, ambao mbele ya safari hukutana na Luwegu ndipo ukazaliwa Rufiji. Mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kilele cha mafuriko aghalabu huwa wakati wa masika, na hapo mto huacha kuwa mto, ukawa bahari ya nyasi. Samaki hutoka katika mkondo wakaenea mbugani kuzaa. Maji yashukapo huacha nyuma yake rutuba, na madimbwi yenye kambale na perege, na majani mabichi ambayo sheshe huyafuata, mnyama ambaye sehemu kubwa ya waliobaki duniani imepata kuishi katika bonde hili. Eneo hilo la kiasi cha kilomita za mraba 7,967 liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya dunia ya ardhi oevu zenye kuhifadhiwa, ingawa tangu hapo mifugo na majembe havikulionea haya.

Sasa mtazame Mndamba, mwenyeji wa bonde hili, ambaye wazee wake waliishi na mafuriko haya kabla ya reli na kabla ya Mjerumani. Maisha yake ya jadi yalikuwa ni kwenda na maji na kurudi na maji: mpunga wakati wake, uvuvi wakati wake, kambi ya samaki kiangazi, na shamba la juu kwa ajili ya mwaka ambao la chini limemezwa. Hata leo mkulima mzoefu wa Ifakara, akiwa na uwezo, hapendi kuwa na jaruba moja mahali pamoja. Hutafuta kipande bondeni na kingine penye mwinuko kidogo, kwani mwaka wa mvua haba bonde humlisha na mwaka wa gharika humlisha mwinuko. Wala mbegu haziweki zote katika kapu moja. Supa hupandwa kwa harufu yake na bei yake; Shingo ya Mwali ina wapenzi wake; na SARO 5, iliyotolewa mwaka 2002 kutokana na kazi ya watafiti wa kituo cha kilimo cha KATRIN, karibu na Ifakara, hupandwa kwa kuwa huzaa sana. Mwalimu wa ukumbini angemwambia mkulima huyu achague ile yenye faida kubwa na kuacha nyingine, na kwa hesabu ya mwaka mmoja angekuwa amesema kweli.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Mwenye kugawanya mashamba na mbegu, kama ufanyavyo mto wenyewe katika kugawa maji, hapati kamwe mavuno makubwa kuliko wote. Mwaka mwema jirani yake aliyeweka kila kitu katika jaruba moja humpita kwa magunia, humcheka, na pengine hununua pikipiki. Kugawanya ni bima, na bima hulipiwa ada kila mwaka, hata mwaka ambao nyumba haikuungua. Wengi wasemao kwamba biashara iige maumbile husahau ada hii. Wanataka uthabiti wa bonde pamoja na faida ya mwaka mmoja wa bahati, navyo viwili hivyo havikai katika chungu kimoja.

Reli ilipokuja, watu wa hapa waliitia katika desturi yao hiyo hiyo. TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, na nia iliyotangazwa ilikuwa kubwa: kuipatia Zambia njia ya kupitisha shaba yake bila kuomba ruhusa ya makaburu na walowezi wa kusini. Shaba ilipita. Lakini mwanahistoria Jamie Monson, ambaye kitabu chake juu ya reli hii kilitoka mwaka 2009, alifuatilia mizigo midogo iliyopakiwa katika vituo vya bonde hili, akaona kwamba treni ya kawaida, ile isimamayo kila kituo, imekuwa mshipa wa uchumi ambao wapangaji hawakuuchora. Mtu wa Mang'ula alipeleka ndizi, mwenzake mchele, mwingine mahindi, na msimu ulipobadilika walibadili shehena bila ya mkutano wa bodi. Wachuuzi wakawa wakulima, wakulima wakawa wachuuzi, na pato la biashara likarudi shambani kununua mbegu. Na miaka ya 1990, reli ilipoelemewa na kukusudia kupunguza huduma ya treni hiyo na kufunga baadhi ya vituo, wenyeji waliandika barua za kulalamika wakidai treni yao, jambo ambalo kwangu ni ushahidi kwamba mizizi midogo ilikuwa imeshika udongo kwa nguvu kuliko ule mti mkubwa.

Ama nyuki, hao wanastahili nafasi yao. Tangu ndovu walipozidi kushuka kutoka hifadhini kuingia katika mashamba ya Mang'ula na vijiji jirani, wakulima walijaribu ngoma, mioto, tochi na makelele, na ndovu, ambaye ana akili na kumbukumbu, alizoea moja baada ya jingine. Nchini Kenya mtafiti Lucy King na wenzake walikuwa wamethibitisha katika maandishi ya 2007 jambo ambalo wafugaji walikuwa wakilisimulia, kwamba ndovu akisikia uvumi wa nyuki hukimbia. Maana ngozi yake, pamoja na unene wake wote, ni nyepesi kandokando ya macho na nyuma ya masikio, na ndani ya mkonga hakuna ngozi ya kusema. Kutokana na hapo ukabuniwa uzio wa mizinga: mizinga hutundikwa baina ya nguzo kiasi cha mita 10 kila mmoja, mingine ikiwa ya kweli na mingine ni ubao mtupu wa kutisha, yote ikaunganishwa kwa waya, hivi kwamba ndovu akiusukuma waya gizani huutikisa mstari mzima, na wenye nyumba hutoka kuuliza.

Uzio wa namna hii umewekwa mpakani mwa hifadhi hapa Mang'ula na vikundi vya wakulima, wakisaidiwa na watafiti wa ndovu wa kusini mwa Tanzania. Nilipouona mara ya kwanza nilidhani nimeona ulinzi. Baadaye nilielewa kwamba nilikuwa nimeona kampuni. Mlinzi yule halipwi mshahara bali hulipa yeye, kwa asali na nta; chakula chake hukitoa katika maua ya msitu ule ule umtoao adui; na akiwa njiani huchavusha mboga za mwenye shamba na za jirani ambaye hakuchanga hata msumari. Kitu kimoja hapo hufanya kazi nne, na hiyo ndiyo tabia ya maumbile ambayo wabunifu wa mipango wangepaswa kuitamani kuliko meno ya simba.

Lakini nisiwe dalali wa asali. Mizinga haikaliwi yote. Wako nyuki wanaohama maua yakiadimika, bila notisi, na mzinga mtupu haumtishi ndovu aliyekwisha kuuzoea. Nyegere hubomoa. Waya hukatika, nguzo huliwa na mchwa, na lazima awepo mtu wa zamu wa kutazama, kwani mali ya kikundi isiyo na zamu huoza ikiwa mali ya kila mtu. Ndovu mmoja mkaidi huweza kupita penye pengo, na akipita usiku mmoja tu, mwenye mahindi hulia kama ambaye hakuwa na uzio kabisa. Wakulima wa hapa walijua kwamba wameazima jeshi lenye hiari yake, na kwa hiyo waliozingatia mambo hawakuacha kulinda kwa macho, wala hawakuacha kuweka akiba katika sanduku la kikundi. Uzio ulikuwa ni jaruba lao la mwinuko.

Upande wa pili wa daftari uko Kihansi, kusini-magharibi mwa milima hii hii. Katika korongo la maporomoko yake, mahali pasipozidi hekta chache palipolowa daima kwa mvuke wa maji, alikuwa akiishi chura mdogo wa rangi ya manjano, mwenye urefu wa kidole kisichofika pingili ya pili, azaaye vitoto hai badala ya mayai; wataalamu walimgundua mwaka 1996, wakati ambapo ujenzi wa mtambo wa umeme wa megawati 180 ulikuwa umekwisha kuanza. Maji yalipogeuzwa kuingia mitamboni, mvuke ukakatika. Yaliwekwa mabomba ya kunyunyiza ili kuuiga, na kwa muda chura akaongezeka, kisha mwaka 2003 idadi ikaanguka ghafula, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka katika makao yake. Waliosalimika walikuwa ni kizazi cha wale 499 waliopelekwa Marekani mwaka 2000, wakatunzwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na kuanzia 2012 wakaanza kurejeshwa kwao kwa ndege, safari ambayo babu zao wasingeweza kuiota.

Ni rahisi kusema chura alikosea kutegemea kitu kimoja. Sisemi hivyo. Kwa maelfu ya miaka maporomoko yale hayakukauka, na kiumbe aliyejifunga kwayo alipata amani ambayo vyura wa mabwawa ya kawaida hawakuipata. Uamuzi wake, kama tunaweza kuuita hivyo, ulikuwa wa busara hadi siku ambayo bomba liliingia mkononi mwa mwingine. Na hapa Mang'ula yupo ndugu yake wa chuma. Wachina walipojenga reli waliweka hapa karakana kubwa, na kazi ilipokwisha karakana hizo zikawa kiwanda cha umma cha mashine na vipuri, mafundi wakaajiriwa, nyumba zikajaa, na mji ukajiona kuwa mji. Kiwanda kile kilizaliwa katika mvuke wa maporomoko makubwa: reli moja, serikali moja, rafiki mmoja wa ng'ambo. Zama zilipogeuka, ubinafsishaji ukaja, kikanyamaza. Yapo mengi yasemwayo juu ya nani alaumiwe, nami sina haja nayo; ninalosema ni kwamba mtu anayetunga mpango wa kampuni yake hana budi kujiuliza, kabla ya kuhesabu wateja, ni nani ashikaye bomba.

Mngeta, kiasi cha mwendo wa saa kadhaa kutoka hapa, swali hilo limeulizwa mara mbili kwa gharama kubwa. Shamba la mpunga la hekta zaidi ya 5,000 lilianzishwa huko miaka ya 1980 kwa ushirikiano wa Tanzania na Korea Kaskazini, likafifia. Mwaka 2008 likaingiwa na wawekezaji wa Ulaya na Marekani kwa mitambo ya kisasa na mikopo mizito, likasifiwa katika mikutano ya kilimo, na ifikapo 2019 likawa limeshindwa kubeba madeni yake. Katikati ya hayo, mwaka 2013, mchele wa kutoka nje uliingia nchini na bei ikaanguka. Mkulima mdogo naye aliumia, wallahi aliumia, ila yeye alikuwa na ndizi na samaki na kuku, wala hakuwa na riba ya dola. Lililo la ajabu ni kwamba jambo lililobaki hai kutokana na mradi ule lilikuwa ni mbegu ndogo iliyopandwa pembeni: kilimo shadidi, yaani kupandikiza mche mchanga mmoja mmoja kwa nafasi, elimu ambayo maelfu ya wakulima wa vijiji vya jirani walifundishwa, na ambayo haikuhitaji benki ili iendelee.

Juu ya miwa nitapita upesi. Kiwanda cha sukari cha Kilombero, kilichobinafsishwa mwaka 1998, huchoma makapi ya miwa yake kupata mvuke na umeme, na molasi yake hugeuzwa pombe kali. Hicho ni kitendo cha msitu, ambamo jani lililoanguka halina jina la takataka. Lakini tendo lile lile lilifanyika kwa unyonge zaidi majumbani mwa Mang'ula. Hadi mwaka 2011 wanawake waliruhusiwa kuingia hifadhini siku maalumu kuokota kuni kavu. Ruhusa hiyo ilipofutwa, macho yaligeukia vilima vya pumba nyuma ya mashine za kukoboa mpunga, ambavyo awali vilichomwa bure, na pumba zikaanza kuingia katika majiko. Hakuna aliyeitwa mbunifu kwa hilo. Na isije ikadhaniwa kuwa nasifu katazo. Ni kwamba dhiki, katika maumbile kama jikoni, hufundisha bila kuomba radhi.

Lipo onyo moja ambalo sharti nilitoe, maana uigaji wa maumbile una hatari ya mtu kumwiga asiyemjua. Mjini Harare lipo jengo la maduka na ofisi liitwalo Eastgate, lililokamilika mwaka 1996, ambalo msanifu wake Mick Pearce alilipoza kwa mipitisho ya hewa akichukua mfano wa kichuguu cha mchwa. Nalo hutumia nguvu kidogo kupoza kuliko majengo ya kawaida ya namna yake. Baadaye wachunguzi wa mchwa wakaonyesha kwamba kichuguu hakifanyi kazi kama dohani, kama ilivyodhaniwa. Jengo lilibaki la baridi ingawa mfano wake ulisomwa vibaya, jambo la kuchekesha na kufariji, lakini si kila mwenye kusoma vibaya hupewa bahati hiyo. Tena maumbile hayana huruma: koloni la nyuki hutupa nje madume yake wakati wa njaa, na mto hauwalipi fidia wale uliowafurikia. Tajiri mwenye wafanyakazi hawezi kuyaiga hayo akasema ameelimika.

Siku yangu ya mwisho Mang'ula nilipelekwa kuona mahali ambapo, barabara ya lami ya Kidatu na Ifakara ilipojengwa, paliachwa njia ya chini kwa ajili ya ndovu, ili ushoroba upitao katika ardhi za Kanyenja, Mang'ula Kati na Sole uwaunganishe wanyama wa Udzungwa na wa Hifadhi ya Nyerere kupitia msitu wa Magombera. Wanavijiji walitoa ardhi ambayo ingeweza kupandwa mpunga, na uzio umewekwa pande zote mbili kulinda mashamba yaliyobaki. Juu yetu lilipita lori la miwa, na nyuma yake basi la Ifakara likipiga honi. Chini, katika vumbi la kiangazi, palikuwa na nyayo pana za usiku uliopita, zikielekea bondeni, na kando yake alama za matairi ya baiskeli ya mtu aliyeona kuwa njia hiyo ni fupi.